Mpira mweupe umegoma kurudi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nacheza pool hapa Majengo, Moshi, na mpira mweupe naurudisha ninavyotaka. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye klabu yenye meza ya snuka, mchezo ndugu wa pool. Niliupiga mweupe chini, kwa nguvu zangu zote, ukagonga mwekundu ukasimama palepale. Mara nyingine uliufuata mwekundu hadi shimoni. Wenzangu wanasema fimbo yangu mbovu. Ninunue nyingine?
Binti wa Majengo

JIBU: Marahaba binti yangu. Hela ya fimbo itunze kwanza.

Ukiupiga mweupe chini ya kitovu chake, unakwenda mbele huku ukizunguka kinyumenyume. Kitambaa kinausugua njia nzima, na mzunguko ule unazidi kupungua. Ukifika kwa mwekundu ukiwa bado nao, ukaugonga uso kwa uso, mwendo wa mbele karibu wote unahamia kwa mwekundu. Mweupe unabaki na mzunguko wake tu, unakikamata kitambaa na kurudi kwako. Mzunguko ukiishia njiani, unasimama. Ukiwa umeshaanza kubiringika mbele, unafuata. Yaliyokupata klabuni ndiyo hayo: ulipiga kwa nguvu, lakini mzunguko haukufika.

Meza ya baa kwa kawaida ni ya futi 7, ya snuka ni ya futi 12, kwa hiyo safari ni ndefu. Tena, kwenye baadhi ya meza za kutumbukiza sarafu mweupe hutengenezwa mdogo kuliko wenzake ili mashine iutenge. Mpira mwepesi ukigonga mzito hudunda nyuma kidogo hata bila ufundi. Kwenye snuka mipira yote 22 ina kipenyo kimoja, milimita 52.5, na mweupe haupati msaada huo.

Sasa fanya jaribio hili, nakuomba usiliruke. Hapo Majengo chukua mpira wenye mstari mpana, uutumie badala ya mweupe. Ulaze mstari uzunguke mpira kama mkanda kiunoni, kisha uupige chini, taratibu, kwenye meza tupu. Utaona mkanda ukipinduka kuja upande wako, mara upunguze, halafu kwa kitambo kidogo sana mpira utateleza bila kupinduka kabisa, kama sabuni kwenye sakafu yenye maji. Baada ya hapo mkanda utaanza kupinduka kwenda mbele. Pale ulipoteleza, weka chaki pembeni mwa meza. Mwekundu ukiwa hapo, mweupe utasimama. Ukiwa kabla ya hapo, utarudi. Ukiwa mbele zaidi, utafuata. Rudia ukipiga kwa nguvu zaidi, uone chaki inavyosogea mbali. Masika, kitambaa kikishika unyevu, chaki hiyohiyo husogea karibu.

Jambo la pili ni mkono wako. Paka chaki ya kutosha kwenye ncha, piga, kisha uuokote mpira uangalie alama. Wengi ninaowafundisha huapa wamepiga chini, na alama iko karibu na kitovu, kwa sababu wakitaka nguvu kiwiko hushuka na ncha hupanda. Lenga nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo wa chini. Ukishuka zaidi ya hapo ncha itateleza. Fimbo ilale karibu sambamba na meza, na ncha iendelee mbele baada ya kugusa, usiivute nyuma. Nilipokuwa najifunza Kaloleni, Arusha, niliinua kitako cha fimbo nikachokonoa chini ya mpira, nikachana kitambaa. Mwenye baa alinilipisha, na alikuwa na haki.

Usipougonga mwekundu uso kwa uso, mweupe hauji moja kwa moja. Kwanza unatoka pembeni, ndipo unapinda kurudi. Hilo liache mpaka ule wa moja kwa moja uukamate.

Fimbo yako ikague ncha tu. Ngozi ikiwa inang'aa na ngumu haishiki chaki, isugue kidogo kwa msasa. Kisha urudi klabuni, uweke mwekundu sentimita 30 mbele ya mweupe. Ukirudi mara kumi mfululizo, ongeza sentimita 10. Niandikie umefika umbali gani.