Sanrufu ikipasuka njiani, usiguse ile swichi

Naanza na kosa langu maana ndo lililonifanya niandike haya. Kioo cha sanrufu, lile dirisha la kwenye paa la gari, kilipasuka tukiwa safarini, nikapaki pembeni, na kitu cha kwanza kidole changu kilichofanya ni kubonyeza swichi ya kufunga. Nilikuwa nafunga nini sijui, kioo chenyewe hakipo, lakini mtu ukishtuka mkono unajiamulia. Nikasikia krrrrr kama mtu anasaga karanga, mota inavuta fremu juu ya chenga za kioo zilizojaa kwenye reli. Ule mlio ulikuja kunitoa hela nyingi, karibu na za kioo chenyewe.

Ilikuwa hivi. Tunampeleka mama mkwe Iringa, masika, tumeshapita Doma tunaelekea Mikumi, spidi 80, jua la saa saba linachoma, ac iko full, Junior yuko kwenye kiti chake nyuma na bibi yake pembeni. Hakuna lori tulilopishana nalo, hakuna jiwe nililoliona. Mara paa! Kama risasi. Nikajua tairi, nikashika usukani kwa mikono miwili nasubiri gari livute upande, halivuti, ndo naanza kusikia upepo unavuma juu ya kichwa na mama mkwe huku nyuma anaita "Yesu wangu, Yesu wangu", halafu kwa sauti ile ile ya upole akasema "Mama Junior, taratibu tu, usikanyage breki kwa nguvu." Mwanamke hajawahi kuendesha gari maisha yake yote na alikuwa sahihi kabisa.

Maana ukikanyaga breki ghafla, vile vipande vilivyobaki vinaning'inia kwenye fremu vinakuja mbele na kuwamwagikia nyie wa siti za mbele. Toa mguu kwenye mafuta, washa hazadi, acha gari lipungue lenyewe, tafuta sehemu pana. Na usiangalie juu, hata kama inakuwasha kuangalia, usiangalie, macho ndo kitu pekee hapo kisichokuwa na spea. Waambie na abiria wainamishe vichwa. Kilichotuokoa sisi ni kwamba kile kifuniko cha ndani cha kuvuta nilikuwa nimekifunga kwa ajili ya jua, sehemu kubwa ya chenga ilibaki juu yake na nyingine ilirukia nje, kwa sababu gari likiwa kwenye spidi hewa ya juu ya paa inavuta kwenda nje. Kama chako kilikuwa wazi kifunge kwa mkono polepole, ila ukishasimama, sio unaendesha huku unahangaika nacho. Na kama kile kifuniko chako ni cha umeme, kiache, ni swichi hizo hizo.

Sehemu ya kusimama nayo uiangalie. Sisi tulikuwa bado hatujaingia hifadhini, ingekuwa kule ndani ya Mikumi huwezi kushusha watu uanze kukung'uta nguo kama uko nyumbani, pale ni kwa tembo na simba.

Tukishuka, mtoto nilimnyanyua juu moja kwa moja, sikumburuza kwenye siti, kisha nikamwinamisha kichwa tukakung'uta nywele, kola, soksi, kila kitu. Hapo kuna jambo moja watu wanakosea sana, mtoto akilalamika jicho linawasha mzazi anakimbilia kulifikicha kwa kanga. Usifikiche. Mwagia maji safi mengi ya chupa, kutokea kwenye pua kwenda nje, na kama bado linachoma peleka hospitali, usijaribu kutoa kitu mwenyewe. Chakula na maji yaliyokuwa wazi ndani ya gari tupa, pamoja na ule mfuko wa karanga ulionunua Msamvu, usiuonee huruma.

Sasa hebu niseme kidogo kuhusu hiki kioo chenyewe, maana watu wengi waliniambia "umerushiwa jiwe" na wengine wakaenda mbali zaidi wakataja majina ya ndugu huko kijijini. Kioo cha mbele ya gari ni viwili vimebandikwa na plastiki katikati, ndo maana kikipigwa kinachora utando wa buibui lakini kinabaki pale pale. Sanrufu nyingi sio hivyo. Ni kioo kimoja kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 halafu kikapulizwa hewa ya baridi haraka, ngozi ya nje inakuwa imejibana na tumbo la ndani linavutana. Hiyo ndo nguvu yake, na ndo udhaifu wake pia. Juu ya uso unaweza kukigonga kikavumilia, lakini kikipata kijikovu kwenye ukingo, kovu hilo likizama likafika kwenye lile tumbo, kioo kizima kinaachia kwa mara moja, kinakuwa chenga chenga za mviringo mviringo badala ya visu. Kovu linaweza kukaa wiki, miezi, unaendesha tu, siku ya jua kali na ac inapiga kwa ndani au gari limejikunja kwenye shimo ndo kinalipuka. Na kuna vingine vinatoka kiwandani na kauchafu kadogo ndani, nikeli salfaidi, kanavimba taratibu miaka na miaka mpaka siku yake. Marekani mamlaka yao ya usalama wa magari ilifungua uchunguzi mwaka 2013 kuhusu hizi sanrufu kubwa za panorama kupasuka zenyewe, kwa hiyo sio uchawi na sio wewe peke yako. Mimi nahisi langu ni embe. Tunapaki chini ya mwembe nyumbani na msimu wa nyuma yake yalidondoka mengi tu, mengine mabichi, na sikuwahi kupanda kuangalia kingo.

Haya, tuko pembeni ya barabara, kuna shimo kwenye paa, na mawingu upande wa milimani yameshaanza kujikusanya. Kijana mmoja wa nyanya ndo alituletea turubai la naironi na selotepu ya kahawia ile ya kufungia maboksi. Kabla ya kuziba, vipande vinavyoning'inia visukume kutoka ndani kwenda nje ukiwa umevaa glavu au umefunga mkono kwa nguo nzito, na utandike kitambaa kwenye siti chini yake. Kama sanrufu yako ina tinti na kioo kimepasuka ila kimeshikiliwa na ile tinti, usikiguse kabisa, bandika selotepu juu yake kote uendelee hivyo hivyo. Futa vumbi kwenye paa, lenye vumbi halishiki. Anza na upande wa mbele, upige mistari miwili mitatu maana ndo unaopigwa na upepo, kisha pembeni, ukingo wa naironi uubane na milango. Tukaenda na 60 mpaka Iringa, naironi inapiga pa pa pa kama bendera, lakini ilifika.

Onyo la selotepu: usiiache juani siku tatu. Mimi niliiacha, gundi ikaiva kwenye rangi. Niliitoa kwa mafuta ya kupikia na uvumilivu, halafu sabuni.

Usiku ule Iringa ndo nilijifunza kusafisha. Mimi nilikuwa na fagio la mkono nafagia, na kumbe nazisukumia kwenye mishono ya siti. Mama mkwe akaja na donge la ugali wa baridi uliobaki mezani, akalikandakanda mpaka likawa laini, akawa analigandamiza kwenye siti na kulinyanyua, analigandamiza na kulinyanyua, kila likija juu linameremeta kama limepakwa chumvi ya mawe. Mimi kazi yangu ilikuwa kumulika na tochi ya simu, na hapo siri ni kuilaza simu chini kabisa sambamba na siti, ukimulika kutoka juu huoni kitu, ukimulika kwa ubavu kila chenga inawaka. Alinyoosha mkono kwenye pale mkanda wa Junior unapochomekwa akatoa vipande vinne. Vinne, mahali ambapo mimi nilishasema pamekwisha. Kesho yake ndo tukapeleka pale wanapoosha magari wakavuta na mashine, na hapo tena waambie wasipulize upepo wa kompresa, wavute. Upepo unazirushia kwenye matundu ya dashibodi, halafu siku unawasha feni zinakurudia usoni.

Kurudi Dar nikaanza kutafuta kioo. Nilishafanya kosa lingine hapo, fremu ya zamani yenye mabaki ya kioo niliitupa Iringa nikiona ni takataka. Usitupe! Kioo cha sanrufu kwenye magari mengi kinauzwa kikiwa kimeshabandikwa kwenye fremu yake, ukienda na ile ya zamani muuzaji analinganisha matundu ya bolti hapo hapo mnamalizana. Mimi nilienda na mdomo tu. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani mmoja akanitajia 1,100,000 bila hata kunyanyua macho, wa pili akaniletea cha gari jingine kabisa akasema "kinaingia tu dada, tunakilazimisha." Kioo cha namna hii ukikilazimisha ukingo wake unajua kitakachotokea. Nilirudi siku ya pili na namba ya chasis imeandikwa kwenye karatasi, Shauri Moyo nikakipata used, kizima na fremu yake, kwa 380,000. Nilipitisha kucha kwenye ukingo wote kabla sijatoa hela. Yule kijana akanicheka, mimi naendelea kupitisha kucha.

Kuna fundi aliyeniambia tukakate kioo kwa fundi wa madirisha, laki moja tu, tunabandika na silikoni. Jamani. Kioo cha dirisha la nyumba kikivunjika kinatoa mapanga, na kile cha sanrufu chenyewe hakikatwi, ukikigusa na kikatio kinakuwa chenga hapo hapo mezani. Mwingine akasema tuzibe na bati tupige rangi. Huyo simlaumu sana, kama gari ni la zamani na kioo chake hakipatikani bati lililofungwa vizuri ni bora kuliko naironi mwaka mzima, ila lifanywe na fundi bodi anayejua, sio wa kulipaka tu silikoni.

Kuhusu bima, nilikuwa na bima kubwa na nikajiona mjanja. Kumbe kipengele cha vioo kwenye mkataba wangu kilitaja kioo cha mbele, mambo ya paa ni klemu ya kawaida yenye ripoti ya polisi na kiasi ninachotakiwa kuanza kulipa mwenyewe, na kile kiasi kilikuwa kinakaribia bei ya kioo changu. Nikaacha, nikalipa mfukoni. Kama una sanrufu muulize wakala wako swali hilo hilo siku ya kulipia, kwa maandishi, na siku ya tukio piga picha kabla hujafagia.

Kufunga chenyewe ni kazi ya saa moja, bolti chache za bisibisi ya nyota. Reli ndo zilikula siku nzima. Fundi alinionyesha kidole chake, grisi imekuwa nyeusi na ndani yake mna unga wa kioo, ule niliousaga mimi na swichi yangu. Waya wa kuvutia upande mmoja umeshalika, ikabidi tununue seti ya reli, 290,000 na ufundi. Hivyo mwambie fundi afute grisi yote ya zamani kwa kitambaa, apake mpya, ndo afunge kioo. Mbele kiwe chini ya paa kidogo sana, nyuma kiwe sawa na paa au juu yake kidogo, unapima kwa kulaza kadi ya benki juu ya kiungo. Kikisimama juu kwa mbele, ukifika 80 kinapiga mluzi mpaka unachanganyikiwa. Na mota inabidi ijifunze upya mwisho wake uko wapi, magari mengi unashikilia swichi ya kufunga bila kuachia mpaka itembee na isimame yenyewe, kitabu cha gari kinasema.

Nikadhani nimemaliza. Wiki mbili baadaye mvua ya usiku, asubuhi naweka mguu upande wa abiria zulia linatoa maji chwi chwi, harufu kama mbwa amelala humo. Sanrufu haizuii maji yote, watu hawajui, maji yanapita kwenye mpira yanaingia kwenye mfereji unaozunguka kioo na kushuka kwa mirija kwenye kona, ya mbele inapita ndani ya nguzo za kioo cha mbele mpaka chini karibu na tairi. Wangu wa kushoto ulikuwa umezibwa na chenga. Tulizivuta na mashine ya kunyonya kutokea juu, kisha waya mwembamba wa plastiki taratibu, sio upepo wa nguvu maana mrija unachomoka ndani ya nguzo na hapo unang'oa nusu gari. Siku unakabidhiwa gari usiondoke, chukua kikombe cha maji, mimina kidogo kwenye kila kona ya mfereji, uchuchumae uone yanatokea chini. Mimi fundi wangu alikunja uso, nikamwambia kaka nivumilie, nikachuchumaa na gauni langu.

Juzi Junior alidondosha shilingi mia chini ya siti, nikaingiza mkono kuitafuta, nikatoka na mia, ganda la pipi, na chenga mbili. Tena kubwa kubwa. Sijui zilikuwa zimejificha wapi miezi yote hiyo, na hapo donge la ugali lilishapita.