Mbwa mwoga apewe nyumba gani?

SWALI

Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Chumbageni, mjini Tanga, katika nyumba ya kupanga. Mwezi wa Februari nilimwokota mbwa jike kwenye diko la samaki la Deep Sea, akiwa amekonda hata mbavu zinahesabika, na mgongoni ana kovu refu lisiloota manyoya, ambalo wakaangaji wa samaki waliniambia lilitokana na kumwagiwa mafuta ya moto. Nilimwita Dagaa. Nia yangu ilikuwa kumlea kwa muda tu, apone, kisha nimtafutie mtu wa kuwa naye moja kwa moja. Sasa mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, kwa sababu wapangaji wenzangu hawataki mbwa uani.

Dagaa amenawiri. Anakula vizuri, anakuja ninapomwita, na usiku hulala juu ya gunia lake chini ya meza ya jikoni. Tatizo ni woga. Akimwona mwanamume aliyeshika fimbo au ufagio, au pikipiki ikipiga honi karibu na lango, hufyata mkia, hujikojolea, kisha hukimbilia chini ya meza na kukaa humo hata saa mbili. Wiki tatu zilizopita mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, aliingia chini ya meza hiyo kumtoa kwa kumvuta mguu, naye akamrukia. Jino halikumfikia mtoto, lakini makelele yalisikika mtaa mzima.

Watu watatu wanamtaka. Wa kwanza ni mfanyabiashara mwenye ghala la saruji na mabati karibu na stendi ya Kange, ambaye amesema yuko tayari kunipa shilingi 200,000 kwa kuwa anahitaji mlinzi wa usiku. Wa pili ni rafiki yangu wa Makorora mwenye watoto wanne wanaompenda Dagaa hata wanalia wakiagana naye. Wa tatu ni mzee mstaafu huko Muheza, mjane, mwenye shamba la machungwa na mbwa mmoja aliyezeeka. Huyu wa tatu ndiye anayenitatiza, kwa sababu haonyeshi shauku yoyote. Nilipompigia simu alinijibu tu, “Mlete tumwone,” na akaongeza kwamba yeye ni mtu wa swala, kwa hiyo mbwa hataingia ndani ya nyumba.

Nimpe nani? Na je, nikisema habari ya yule mtoto, atabaki mtu wa kumtaka?

Mlezi wa muda, Chumbageni

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Habari ya mtoto iseme, tena uiseme mapema, kabla mtu hajamwona mbwa na kumpenda. Wakati nikiwa kazini niliwahi kumpatia familia moja mbwa aliyekuwa akiogopa ngurumo, nikanyamaza kuhusu woga huo kwa kudhani kwamba wakimzoea watamvumilia. Masika yalipoanza, usiku wa kwanza wa radi mbwa yule alikata kamba, akaruka ukuta, na asubuhi akakutwa barabarani amegongwa na lori. Wale watu hawakuwa na kosa. Walimfunga uani kama mbwa yeyote hufungwa, kwa sababu mimi niliyejua sikuwaambia wamwingize stoo na kufunga mlango.

Utakapolisimulia tukio hilo, usiseme tu kwamba mbwa ana hasira au kwamba hapendi watoto. Eleza lilivyotokea: alikuwa mahali pake pa kujificha, hakuwa na njia ya kutokea, akavutwa mguu, akaruka bila kuuma. Kwa mtu anayejua wanyama, maelezo hayo yanaonyesha mbwa anayejizuia, kwani mbwa aliyebanwa kwenye kona na akakusudia kuuma huwa hakosi. Naamini pia kwamba kabla ya kuruka alikwisha kumwonya mtoto kwa njia zake. Mchunguze leo jioni mgeni atakapoingia: atageuza kichwa pembeni, atajiramba pua ingawa hakuna chakula, atapiga miayo ingawa hana usingizi, weupe wa macho utaonekana pembeni, pengine atanyanyua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Hayo yote ni maneno ya mbwa ya kuomba nafasi. Mtoto wa miaka sita hawezi kuyasoma, na watu wazima wengi pia hawayasomi. Mbwa anapoona kwamba hasikilizwi, hunguruma, na akipigwa kwa sababu ya kunguruma, safari nyingine huanzia kwenye meno.

(Siku jino litakapomkwaruza mtu, hata kidogo, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya kesi za kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishatokea mgonjwa haponi. Kama Dagaa bado hajachanjwa, jambo hilo lisisubiri mwisho wa mwezi. Mpeleke ofisi ya mifugo wiki hii.)

Sasa niwapime hao watatu. Mfanyabiashara wa Kange ndiye rahisi kumkataa, ijapokuwa najua mshahara wa mwalimu na najua shilingi 200,000 ni kitu gani. Watu wengi hapa kwetu hudhani kwamba mbwa anayeshtuka kwa kila kitu atakuwa mlinzi mzuri kwa sababu atabweka. Mlinzi mzuri ni mbwa anayejiamini, anayejua mipaka ya eneo lake na kutofautisha mwizi na mchukuzi wa mizigo. Mbwa mwoga ama hubweka usiku kucha kwa kila jani linaloanguka hadi watu wakaacha kumsikiliza, ama hujificha nyuma ya mifuko ya saruji siku ambayo mwizi kweli amekuja. Tena ghala ni mahali pa kushusha mabati. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa hufika karibu 45,000, kwa hiyo mlio wa bati likiangukia bati jingine, ambao wewe na mimi hutukunjisha uso tu, humfikia yeye ukiwa na makali tusiyoyasikia kabisa. Mfunge mbwa wa namna hiyo kwa mnyororo mchana kutwa kwenye mlio huo, umnyime uwezo wa kukimbia, na utakuwa umemwachia njia moja tu ya kujikinga.

Kuhusu rafiki yako wa Makorora, naomba usikasirike. Upendo wa wale watoto ni wa kweli, na kama Dagaa angekuwa mtoto wa mbwa wa wiki nane, yaani bado yumo katika kipindi cha kama wiki ya 3 hadi ya 14 ambacho mbwa huzoea watu na sauti za dunia kwa wepesi, ningekuambia mpe leo. Lakini yeye ni mtu mzima, na alichojifunza utotoni ni kwamba mkono wa mtu hushika karai la mafuta ya moto. Nyumba yenye watoto wanne ina marafiki wa watoto, ina mpira, ina kukimbizana, ina milango inayoachwa wazi, na ina mapenzi ya kukumbatia shingo, jambo ambalo mbwa wengi, hata wasio waoga, hulivumilia tu. Utakuwa umemkabidhi rafiki yako kazi ya kusimama kati ya mbwa na watoto wake kuanzia alfajiri mpaka usiku, na siku moja atakayokwenda sokoni litatokea lile lile la chini ya meza.

Mpe mzee wa Muheza.

Najua ulitarajia mtu atakayemfurahia. Hata hivyo, kwa mbwa mwoga, shauku ya binadamu ni mzigo: mtu mwenye shauku humfuata alipojificha, humbembeleza, humtazama machoni, huwaita majirani waje kumwona, na huumia moyo mbwa asipomrudishia mapenzi kwa kasi anayoitaka. Mtu aliyesema “Mlete tumwone” amekwisha kuonyesha sifa niliyokuwa nikiitafuta katika barua yako, nayo ni kwamba hana haraka. Anaishi peke yake, kwa hiyo siku zake zinafanana. Anaamka kwa adhana ya alfajiri, anaingia shambani, anarudi kula, anapumzika. Mbwa kama Dagaa hutulia anapoweza kubashiri kitakachofuata. Zaidi ya hayo kuna yule mbwa mzee, ambaye huenda akamfundisha mengi kuliko mzee mwenyewe, kwa kuwa mgeni mwoga humtazama mwenyeji wa jamii yake: huyu akibaki amelala wakati pikipiki inapita, mgeni naye huanza kushuku kwamba pengine hakuna jambo.

Suala la kutoingia ndani lisikusumbue. Waislamu wengi wa mwambao wetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini kufuga mbwa kwa ajili ya kulinda shamba na mifugo kunaruhusiwa, na mzee hakuficha mpaka wake. Mbwa haumizwi na mpaka ulio wazi. Kinachomvuruga ni nyumba ambayo leo anaitwa sebuleni apewe mnofu, kesho anafukuzwa kwa ufagio kutoka sebule ile ile. Muulize tu mzee Dagaa atalala wapi, na uhakikishe ni mahali penye paa, palipoinuka ili maji ya masika yasiingie, penye kuta tatu na upande mmoja tu ulio wazi. Chini ya meza yako amekuwa akitafuta kitu hicho hicho. Hata meza kuukuu iliyofunikwa gunia kwenye kona ya banda itamfaa.

Usimhamishe kwa siku moja. Kwanza mwombe mzee aje Chumbageni, aketi ubavu kwa mbwa bila kumtazama, asinyooshe mkono juu ya kichwa chake, aongee na wewe tu huku akidondosha vipande vya dagaa karibu na mguu wake. Dagaa asipomsogelea siku hiyo, haidhuru. Mwombe pia, kwa heshima, aiache bakora yake mlangoni kama anatembelea nayo, maana hilo hukulitaja na wazee wetu wengi wanayo. Kama hawezi kutembea bila bakora, basi Dagaa ndiye atakayefundishwa: bakora ilazwe chini, dagaa zipangwe juu yake, azile akitaka, na mchezo huo urudiwe kwa siku nyingi mpaka fimbo iwe habari ya chakula.

Safari ya pili iwe ya kwenda Muheza na kurudi, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa gari la mtu mnayemjua. Asile kwa saa kadhaa kabla ya kuondoka, asije akatapika. Msimpeleke moja kwa moja langoni. Wakutane na yule mbwa mzee njiani, nje ya shamba, kila mmoja na kamba yake iliyolegea, watembee upande mmoja kwa umbali wa hatua kadhaa, kisha waingie wote pamoja. Safari ya tatu ndiyo ya kumwacha, pamoja na gunia lake ambalo hukulifua, bakuli lake, kadi yake ya chanjo, na chakula kile kile anachokula sasa. Isiangukie wiki ya Iddi, kwa sababu ya fataki.

Wiki mbili za mwanzo asifunguliwe peke yake nje ya uzio, hata akionekana ametulia, kwani mbwa wengi wanaopotea baada ya kuhamishwa hupotea siku hizo. Walezi wa mbwa hupenda kuhesabu kwa tatu: siku 3 za kupigwa na butwaa, ambapo huenda asile, wiki 3 za kujifunza utaratibu, miezi 3 ya kuanza kujiona mwenyeji. Si kanuni, na mbwa mwenye kovu kama lile anaweza kuhitaji mwaka, lakini mwambie mzee hesabu hiyo ili siku ya pili asidhani amepewa mbwa mgonjwa. Afungwe kizazi kabla ya kuhama, vinginevyo siku 63 baada ya dume wa jirani kupita mtakuwa na nyumba sita nyingine za kutafuta.

Fedha usidai, ila mwambie mzee chanjo ya mwakani ni juu yake, na muandikiane kwamba ikishindikana Dagaa atarudi kwako na hatapewa mtu mwingine wala kuachwa barabarani. Mwonyeshe mwenye nyumba wako karatasi hiyo. Mtu akiona mpango wenye tarehe, wiki mbili za nyongeza si nyingi kuziomba.

Mwezi wa kwanza usiende kumtazama. Piga simu mara moja kwa wiki, uulize kama anakula na analala wapi, basi. Utakapokwenda, Dagaa atakuwa amekusikia tangu barabarani. Usimwite. Msalimie mzee, keti naye barazani, mnywe chai, na umwache aje mwenyewe.