Kuandaa mabomba kabla ya baridi kali ya Minneapolis

Dada, umeuliza kama kuacha koki ikidondosha maji usiku kutatosha kuzuia mabomba yasipasuke katika nyumba mliyohamia hapa Minneapolis. Kunasaidia, ila hakutoshi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mara nyingi bomba hupasuka kwa sababu maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa hukosa pa kwenda. Ndiyo maana tone dogo hupunguza shinikizo.

Tafadhali anza na koki ya nje, tena wiki hii. Ondoa mpira wa kumwagilia bustani, funga vali yake iliyo ndani, kisha fungua koki ili maji yaliyobaki yatoke. Mimi niliusahau mpira huo majira yangu ya kwanza ya baridi, na bomba likapasuka ndani ya ukuta bila mimi kujua hadi majira ya kuchipua, nilipofungua koki na kuona zulia la chumba cha chini limelowa.

Mabomba yanayopita kwenye kuta za nje yavishe sponji ya kuhifadhi joto, na usiku wa baridi kali acha wazi milango ya kabati chini ya sinki. Mkisafiri, msizime hita. Iacheni kwenye nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi, na mfunge vali kuu ya maji, ambayo kila mtu nyumbani anapaswa kujua ilipo.

Bomba likiganda, tumia kikausha nywele ukianzia upande wa koki iliyofunguliwa. Usitumie moto kamwe.