Kabla hujatunga kanuni za vita vya vinyago

Mara ya kwanza tulipocheza vita vya vinyago, yaani mchezo wa mezani wa vikosi vya sanamu ndogo unaosogeza kwa kipimo na kupiganisha kwa dadu, barazani kwetu Shangani, hapa Mtwara, shambulio moja lilituchukua dakika 40. Wala halikuwa shambulio la maana: mashetani wanane wanapanda kichuguu kuwafuata majini sita, basi. Lakini kitabu cha kanuni tulichokitoa kopi kilikuwa na kurasa zaidi ya 100. Kanuni ya kupanda mlima ilikuwa huku, ya kushambulia kule, ya viumbe wanaotisha mwisho kabisa, na ile ya kiumbe anayetisha akiwa juu ya mlima tulipekua mpaka tukachoka. Chai ikapoa. Mwenzetu mmoja alikwenda kuswali isha, akarudi akatukuta ukurasa uleule.

Nakuandikia wewe uliyeanza juzi. Vinyago umeshapata, pengine kwa fundi anayechonga vipande vya mpingo vilivyobaki kama wa kwetu, na sasa mkono unakuwasha utunge kanuni zako mwenyewe. Tunga. Ila ujue kwamba kanuni nzuri kuisoma ukiwa kitandani na kanuni nzuri mezani, dadu zikiwa mkononi na mpinzani anakukodolea macho, ni vitu viwili.

Ugonjwa huu wa kanuni kuzidi haukuanza na sisi. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, dadu na majedwali. Kanuni za mchezo huo zikaendelea kunenepa miaka na miaka, hadi 1876 afisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akashauri sehemu kubwa iwekwe kando na mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake. Dawa hiyo inafaa ukiwa na jenerali wa kuamua. Barazani kwetu mwamuzi ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye ana majini wake mezani.

Mimi nilijifunza zaidi kwa wazee wa bao. Kanuni za bao ni ngumu jamani: namua, mtaji, kutakata, nyumba, kichwa na kimbi. Ukiandikiwa zote kwa mpigo utakimbia. Lakini hujawahi kumwona mzee akifungua kitabu, na sababu si umri tu. Kete zote 64 ziko machoni. Ukitaka kujua mchezo umefika wapi, unatazama mashimo 32, umemaliza. Hakuna kete iliyorogwa kwa zamu mbili, wala iliyochoka, wala inayopata nguvu ikiwa karibu na mfalme wake. Sisi tunaocheza na majini tuna hayo yote, na tunataka mtu ayabebe kichwani.

Kwa hiyo chochote mchezaji anachotakiwa kukumbuka, kitafutie kitu cha kushika. Majeraha tunayahesabu kwa komwe za bao, na tunaziweka juu ya kadi ya kikosi, ile yenye sifa zake. Mwanzo tuliziweka ubavuni mwa kinyago, basi kikisogea zinabaki nyuma, majeruhi anapona bila mganga. Kikosi kilichokwisha kutembea tunakiwekea kizibo cha soda. Kupima tulianza na futi ya fundi cherehani, mpaka jamaa mmoja akapima upande wa sentimita nusu ya mchezo, nasi tunasema tu majini wake leo wana miguu mizito. Siku hizi tunakata chelewa za ufagio, moja ya inchi 6, nyingine ya inchi 12. Hakuna wa kukosea chelewa.

Sasa lugha, na hapa ndipo nilipoaibika zaidi. Niliandika hivi, nikiona nimeandika Kiswahili safi: “Kikosi kikikishinda kikosi kingine, kitarudi nyuma inchi 3.” Nani arudi? Mimi nilimaanisha aliyeshindwa. Mdogo wangu akasoma kwamba mshindi ndiye anayerudi kupumzika, na ukiitazama sentensi huwezi kumlaumu. Ki- imewameza wote wawili. Nikabadilisha: “Mlinzi akishindwa, anarudi nyuma inchi 3. Mshambuliaji anabaki alipo.” Wape wahusika majina tofauti, uyatumie hayohayo mwanzo hadi mwisho, hata kama mwalimu wako wa insha alikufundisha kubadilisha maneno ili usichoshe. Kwenye kanuni, chosha.

Vivyo hivyo zamu na raundi. Kwetu, mmoja akicheza ni zamu. Tukimaliza wote wawili ni raundi. Kabla hatujakubaliana, uchawi wa “zamu mbili” ulikuwa unaisha mapema kwa mmoja na kuchelewa kwa mwingine, na kila mtu anajua ulichelewa kwa nani. Neno “karibu” lifute kabisa. Andika “inchi 6 au pungufu, kutoka ukingo wa kitako hadi ukingo wa kitako”, kitako ni kile kibao kinyago kinachosimamia. Na kabla ya kuandika “anaweza”, jiulize kama hukutaka kusema “lazima”.

Dadu nazo. Mtindo uliozoeleka ni kurusha mara tatu: kupata shabaha, kujeruhi, kisha mlinzi anajaribu kujiokoa. Chukua dadu 20. Shabaha kwa 4 au zaidi, zinabaki kama 10. Kujeruhi kwa 4 au zaidi, 5. Mlinzi anajiokoa kwa 5 au 6, wanakufa watatu na ushei. Umeokota dadu kama 35 kuua watatu. Sasa zirushe zilezile 20 mara moja, kila 6 iue. Nusu ya nusu, mara theluthi mbili, ni moja katika sita: matokeo ni yaleyale, bahati ni ileile. Nilipolipiga hesabu hili nilitaka kufuta mirusho yote nibakize mmoja. Tukajaribu, mchezo ukawa mwepesi, na yule anayeshambuliwa akawa anachezea simu. Ikabidi nirudi nusu njia: mshambuliaji anaua kwa 5 au 6, mlinzi anajiokoa kwa 4 au zaidi. Ni moja katika sita tena, lakini kila mtu ana la kufanya. Mrusho wa ziada unaoingia mkono wa mwenzako nauvumilia. Ule wa mtu yuleyule mara mbili mfululizo, siuoni kazi yake.

Halafu jaribio lenyewe. Toa kopi, wape watu wawili ambao hawajawahi kukuona ukicheza, ukae pembeni na daftari. Ufunge mdomo. Wakiuliza, andika swali na ukurasa waliokuwa wameufungua, usijibu. Inauma. Mara yangu ya kwanza niliandika maswali 19 kabla ya raundi ya pili, na 11 kati yake majibu yalikuwemo humohumo kwenye kurasa zangu. Hayo sikuyaongezea hata sentensi, niliyahamisha. Kanuni ya kukimbia mapambano ikatoka kwenye “Mengineyo” ikaenda kukaa chini ya mapambano. Sifa za jini zikaandikwa kwenye kadi yake.

Herufi ziwe kubwa. Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, lakini umeme ukikatika saa mbili usiku mtasoma kwa tochi ya simu.

Usiku wa kwanza weka vinyago kumi kila upande, vikosi viwili, bila uchawi. Uchawi uingie usiku wa tatu, kwa kanuni mbili tu. Na ile ya kiumbe anayetisha akiwa juu ya kichuguu sisi tuliifuta. Mpaka leo hakuna aliyeiulizia.