Nyonga iliyotoka: kurudisha tu au kukata na mfupa?

Pole sana dada, umeuliza kama mwanao arudishwe nyonga tu au akatwe na mfupa. Kwa mtoto wa miaka 4 aliyezaliwa nyonga imetoka, kuivuta na kufunga hogo (plasta ngumu) bila kupasua kwa kawaida kumeshachelewa. Umri huo madaktari wengi hufungua kiungo na kufupisha kidogo mfupa wa paja, ili kichwa chake kisibanwe kikakosa damu. Kichwa kukosa damu ndiyo hatari kubwa, na kufupisha mfupa hupunguza hatari hiyo, kwa hiyo usiogope kusikia "kukata mfupa". Kikombe cha nyonga, yaani pale kichwa cha paja kinapokaa, kikiwa bapa, mfupa wa nyonga ulio juu yake hukatwa na kikombe huinamishwa kikifunike kichwa, upasuaji uitwao Salter. Mara nyingi yote hufanywa siku moja. Hogo litaanzia kifuani hadi mguuni, wiki 6 hivi. Kurudi nyumbani Tukuyu kodini gari, kwenye daladala mtoto hataenea. Ombeni rufaa ya hospitali ya Mbeya mapema, msisubiri mavuno.