Kabla hujafomati, soma mstari wa pili

Nilikuwa dukani kwa ami yangu, Mwembe Tayari, Mombasa. Kompyuta yake kongwe, ile anayowekea hesabu za stoki, iligoma kuwaka, nikaiwasha kwa flopi ya FreeDOS, mfumo endeshi wa bure wa aina ya DOS, niliyopewa na rafiki. Nikaandika C:, herufi ya diski ya ndani, nikajibiwa hakuna kitu.

"Hesabu zangu zimekwenda, mwanangu?"

Nilishafungua FDISK ili niigawe diski upya. Alhamdulillahi niliacha.

Diski ilikuwa nzima. FreeDOS, mradi alioutangaza Jim Hall mwaka 1994, hauna kerneli moja, yaani kiini cha mfumo. Kuna KWC8616.SYS, KWC8632.SYS na KWC38632.SYS. Lisome jina polepole: K ni kerneli, WC ni Watcom C, kompaila iliyoijenga, 86 au 386 ni prosesa, na tarakimu mbili za mwisho ni aina ya FAT, jedwali la mafaili kwenye diski. Kwa hiyo KWC38632 inataka prosesa ya 386 kwenda juu, na FAT32 inaijua. Jina limebanwa hivyo kwa sababu DOS inaruhusu herufi nane tu kabla ya nukta. Tabu ni kwamba kerneli ikishawekwa kwenye diski, huitwa KERNEL.SYS, maana sekta ya kuwashia, kipande cha diski kinachoanzisha mfumo, hutafuta jina hilo. Zote zinafanana kama pacha. Flopi yangu ilikuwa na ya 16, na patisheni ya ami, yaani sehemu ya diski yenye mafaili yake, ni FAT32. Kerneli ile huipita patisheni kama hiyo bila kuipa herufi.

Hiyo 16 ilinipoteza miaka mingi, nikidhani ni ya prosesa. Sivyo. FAT ni jedwali linaloonyesha klasta (kifungu cha nafasi ya diski) ipi inafuata ipi katika kila faili, na 16 ni biti za kuhesabia klasta. Biti 16 hazifikishi zaidi ya namba 65,536. Zizidishe kwa klasta ya kilobaiti 32, unapata gigabaiti 2, na ndiyo sababu patisheni ya FAT16 kwenye DOS huishia hapo. Na klasta haigawanyiki: faili ya herufi moja huchukua kilobaiti zote 32, kama mtu aliyekodi godauni zima Shimanzi kuweka gunia moja la nazi.

Basi kompyuta ikiwaka, kodoa macho. Mstari wa kwanza hutaja toleo la kerneli, na wa pili husema kama ina "FAT32 support". Maneno hayo yasipokuwepo, usiguse FDISK wala FORMAT.

Flopi ya uokoaji, mimi naiwekea KWC8632. Inakubali hata prosesa za zamani kabisa, na inasoma FAT16 na FAT32. Ya 16 ni ndogo kidogo, inafaa pale tu memori inapobana.

Nilirudi kesho yake na flopi mpya. DIR C: ikamwaga mafaili yote, na ami akavuta kiti akawa anayasoma moja moja huku mimi nayanakili. Juu ya lebo ya flopi nimeandika kwa kalamu: 8632.