Maji moto yanachelewa? Usianze na hita

Baridi ya Juni imeingia Arusha na simu yangu imejaa ujumbe. Mengi ni swali lile lile lililovaa koti jipya. Nimechagua haya.

Fundi, hita yangu ya lita 50 inachelewesha maji bafuni. Nikinunua ya lita 100 yatafika haraka?

Hapana. Nilishajibu mwaka jana, na mwaka juzi. Tenki kubwa litaogesha watu wengi zaidi na kumaliza Luku mapema. Kinachokuchelewesha ni maji ya baridi yaliyolala ndani ya bomba, nayo hayana habari na ukubwa wa tenki.

Sola yetu inachemsha vizuri, bafuni hatuna shida, ila jikoni tunasubiri mpaka tunakata tamaa. Fundi wetu anasema sola imechoka, tubadilishe. Ni kweli?

Sola inayochemsha bafuni haiwezi kuchoka jikoni, mama yangu. Chukua ndoo ya lita 10 uiweke kwenye sinki, fungua koki ya moto asubuhi kabla mtu yeyote hajagusa maji, upime mpaka mkono uhisi joto. Julai iliyopita nilifanya hivyo kwenye nyumba moja Ilboru. Ndoo ilijaa, tukaimwaga kwenye beseni la nguo, na ya pili ilifika robo ndipo uvuguvugu ukaja. Nikapanda darini na tochi. Sola ilifungwa juu ya gereji, mwisho kabisa wa paa, kwa sababu fundi aliona huko ngazi inasimama vizuri. Kutoka hapo bomba la plastiki la PPR la milimita 32 lilitambaa mita 26 mpaka jikoni, tupu, halijavishwa chochote, chini ya bati lenye umande. Peke yake lilishika lita 9 za maji ya baridi. Zilizozidi ziliishia kulipasha joto bomba lenyewe.

Tulifanya mambo mawili. Tulivuta bomba jipya jembamba la kwenda jikoni tu, tukalivisha sponji nyeusi ya mpira mwanzo hadi mwisho. Sponji haiharakishi maji ya kwanza ya asubuhi, nisieleweke vibaya. Faida yake ni kwamba ukiosha vyombo saa mbili, ukirudi saa mbili na nusu bomba bado lina joto.

Na wewe unayejenga sasa hivi: jiko, bafu na choo vipeane mgongo, hita ikae katikati yao. Kalamu ya mchoraji ni rahisi kuliko kubomoa marumaru. Kila mwaka nasema, kila mwaka naitwa kubomoa.

Nimeshauriwa niweke bomba nene ili maji moto yakimbie. Unasemaje?

Aliyekushauri anauza mabomba. PPR ya moto ya milimita 20 hushika chini ya mililita 150 kwa mita, ya 25 hushika kama glasi moja ndogo, na ya 32 hushika chupa nzima ya soda. Zidisha kwa mita zako, ndicho kiasi unachomwaga kila asubuhi. Tumia 25 kwenye njia kuu na 20 kwenda koki moja moja. Ila usipitilize: simtanki likiwa mita tatu tu juu ya bafu, presha ni ndogo, na bomba jembamba la safari ndefu litakupa mchuruziko. Na tafadhali, PVC ya maji baridi isipitishwe maji moto. Italegea, na utaniita Jumapili.

Nikifungua koki mpaka mwisho?

Yatafika mapema, na utakuwa umemwaga maji yale yale.

Nimesikia kuna pampu ya kuzungusha maji ili koki iwe na moto muda wote. Inafaa nyumbani?

Kwa lodji, naam. Nyumbani inategemea. Inahitaji bomba la pili la kurudisha maji kwenye tenki, na valvu ya kuzuia yasirudi kinyume. Ukiiacha izunguke usiku kucha, umegeuza mabomba yako kuwa redieta ya kupasha joto dari, na sola itaamka baridi. Weka yenye kitufe: unabonyeza unapoingia chooni, inazunguka kidogo, kihisi joto kinaizima. Zipo pia za kufunga chini ya sinki zinazorudisha maji kupitia bomba la baridi. Zinafanya kazi, ila usishangae koki ya baridi ikitoa uvuguvugu.

Kwa kuwa umesema umbali ndio tatizo, naweka hita ya gesi ndani ya bafu, pembeni ya shawa. Sawa?

Kaka, karibu ndiyo, ndani ya bafu hapana! Gesi ikiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi. Mtu huona kizunguzungu, anadhani ni mvuke, halafu haamki. Ifungwe nje ya ukuta, mahali pa wazi. Usipoweza, weka shawa ya umeme, ambayo haina bomba la kusubiri. Lakini yenye wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, kwa hiyo inataka waya wake kutoka kwenye breka yake, milimita 4 au 6 kulingana na umbali. Kuunga kwenye waya wa taa ni kuomba moto, na sisemi wa maji.

Shawa yangu ya umeme inaleta maji moto papo hapo, ila koki inanipiga shoti kidogo kidogo tu. Nivae kandambili?

Zima swichi kuu sasa hivi, uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ethi. Usiniandikie tena mpaka apite.